Nilivyolishwa Nyama Siku ya Kumi na Tisa

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa vitunguu kabla hajalisoma, habari ni hii.

Mimi ni mtu wa stoo katika kiwanda cha misumari, ila hakuna aliyeniajiri kwa ajili ya stoo. Niliajiriwa kwa ajili ya kamba. Kiwanda chetu kina timu ya kuvuta kamba, na mimi ndiye ninayekaa mwisho kabisa, kamba imepita begani na kunizunguka kiunoni, nimelalia nyuma na kilo zangu mia moja sitini na tatu. Ndiyo maana wananiita Nanga. Miaka mitano mfululizo tumewaburuza watu wa kiwanda cha saruji kama watoto wa chekechea.

Kilo hizo hizo zilikuwa zinaniua. Baba yangu alilala mzima, hakuamka. Kaka yangu vilevile, akiwa na miaka arobaini na moja. Mimi nina arobaini. Basi nikaaga kazini kwamba nimefiwa na mjomba wa mbali kijijini, nikaenda kukatwa tumbo kwa siri. Limebaki la ukubwa wa ndizi moja, limeshonwa kwa pini, na anayejua ni mke wangu peke yake. Nilimwapisha.

"Wiki tatu unakunywa tu," daktari aliniambia. "Maji, supu, maziwa. Ya nne, vitu laini kama chakula cha mtoto. Nyama mpaka nikuruhusu mimi. Ukimeza kitu kigumu kabla ya hapo, mshono unaweza kuachia, na unachokula kikamwagika ndani. Ukiniwahi, nitakufungua tena. Usiponiwahi, mkeo atamwita mtu mwingine, si mimi."

Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa tangu nikatwe nilimpiga mwanangu.

Nina mapacha wa kike, wana miaka saba. Walikuwa mezani wanakula mkate wa siagi. Mimi nimeshika kikombe changu cha dawa, kile cha mililita thelathini, nanyonya supu iliyosagwa kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Pacha mdogo ana tabia ya kuacha maganda ya mkate. Akanitazama, akanionea huruma.

"Baba, unataka langu?"

Akaninyooshea ganda mpaka karibu na pua. Lilikuwa na siagi pembeni.

Nikaupiga ule mkono. Mkate ukaruka. Kisha nikampiga kofi la shavu, na hilo la pili mpaka leo sijalipatia sababu. Mtoto hakulia. Alinitazama tu, na mimi badala ya kumtazama yeye nikawa naangalia ganda limeangukia wapi. Nikaliokota sakafuni nikalitia mdomoni.

Mke wangu, Mama Pacha, alikuwa jikoni. Mwiko wa kwanza ulinipata mgongoni kabla sijamsikia akija.

"Tema."

"Mama Pacha, natafuna tu, simezi."

"Tema."

Wa pili ukanipata bega la kulia. Wa tatu sikumbuki ulitua wapi, ila hapo ndipo mwiko ulipokatika. Nikatema kwenye kiganja chake. Akalichambua lile tonge kwa kidole, kuhakikisha lote limetoka.

"Ukimeza, utakufa," akasema. "Ukimgusa mwanangu tena, utakufa pia. Chagua unatangulia na kipi."

Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mimi njaa haikunilegeza hata kidogo. Ilinitia ukatili ambao sikuwahi kuwa nao nilipokuwa mnene. Nilitoka nyumbani sijamwomba mtoto radhi, na chupa ya supu kwapani.

Ruhusa yangu ya msiba ilikuwa imekwisha. Fainali na watu wa saruji ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatatu, siku ya mizani.

Kapteni wa timu yetu ni dereva wa foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na pia ni kaka wa mke wangu. Kwa hiyo namwita Shemeji, na yeye ananiita Nanga mbele za watu na shemeji tukiwa wawili. Kila Jumatatu anatupandisha watu wote wanane kwenye mizani ya stoo, ile ya kupimia maboksi ya misumari, na kuandika kilo zetu kwa chaki ukutani. Jina langu lina mia na sitini na tatu tangu mwaka jana.

Nilijipima mapema kabla hawajafika. Mia na arobaini na tano.

Mtu aliyeajiriwa kwa kilo zake, kilo zikiondoka, na yeye huondoka. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa stoo, na stoo ina misumari.

Nikachukua pakiti tatu za kilo tanotano. Moja kila upande wa kiuno, moja mgongoni, nikazifunga kwa mkanda wa maboksi, juu nikavaa sweta mbili na ovaroli. Daktari alinikataza kubeba chochote kizito. Nikajiambia hizi sijazibeba, nimezivaa.

Wakaja. Nikapanda. Mshale ukapepesuka, ukasimama.

"Mia na sitini," Shemeji akasoma. "Msiba umekula kilo tatu tu. Pole sana, Nanga. Tutazirudisha kabla ya Jumamosi."

Akanipiga kofi la mgongoni, la pongezi, kwa ule mkono wake wa kuendeshea foko.

Pakiti ya mgongoni ikapasuka.

Ukaanza msumari mmoja. Ukapita ndani ya suruali, ukatokea mguuni, ukalia kwenye bati la mizani. Wakautazama. Ukafuata wa pili, kisha ikawa mvua. Nikasimama palepale nimebana mapaja, na misumari inanitoka miguu yote miwili.

Hakuna aliyecheka. Fundi Mitambo, mtu wa nafasi ya saba, anayevuta mbele yangu, akachuchumaa akaokota mmoja.

"Inchi tatu," akasema. "Nimeona kuku akitaga mayai. Hii ya leo sijawahi."

Shemeji akaninyanyua ovaroli, akauona mkanda, akaukata kwa kisu cha maboksi. Pakiti mbili zilizobaki zikaanguka. Mshale ukarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Mia na arobaini na tano," akasoma polepole. "Kilo kumi na nane. Ndani ya siku kumi na tisa."

"Nilikuwa naumwa."

"Ulikuwa msibani au ulikuwa unaumwa?"

Mwongo huwa anasahau uongo wake wa kwanza.

"Watu wa saruji wamekuahidi nini?"

"Shemeji, Mungu shahidi yangu."

"Hapa mimi si shemeji yako. Wamekuahidi stoo yao, siyo? Ujikondeshe, Jumamosi utuachie kamba, Jumatatu uanze kwao."

Ngumi yake ikanipata kwenye taya. Nilisikia jino la nyuma likiachia.

Zamani mtu akinipiga mimi nilikuwa simrudishii. Sikuwa na haja, angeumia mkono mwenyewe. Siku hiyo nilirudisha. Nilimpiga kichwa Fundi Mitambo, ambaye hata hakuwa amenigusa, nikausikia mfupa wa pua yake kwenye paji la uso wangu. Nikafurahi. Naandika nilivyokuwa, sitajipamba. Damu yake ilipochuruzika kwenye sakafu ya stoo, nilisikia kitu kinachofanana na kushiba.

Kisha wakanikalia.

Kumwangusha Nanga kulihitaji watu wote saba. Siku hiyo watatu walitosha, na nikiwa pale chini hilo liliniuma kuliko mateke. Nikajikunja kama jongoo, tumbo nikaliweka katikati, mgongo nikawaachia wafanye wapendavyo. Walifanya. Buti za usalama zina chuma mbele. Ubavu mmoja ulilia, nikausikia mimi, nadhani na wao waliusikia.

Kuna aliyeipata chupa yangu. Akafungua, akanusa.

"Anakunywa uji wa mgonjwa," akasema, akaimwaga yote kwenye misumari. Ile ilikuwa supu yangu ya kutwa nzima.

"Basi," Shemeji akasema. "Msimuue. Mleteeni chakula. Kilo zimetokea mdomoni, zitarudia mdomoni."

Yakaletwa mayai ya kuchemsha na mkate kutoka kantini, na mpishi mwenyewe, Mama Kantini, akafuata nyuma kuona kinachoendelea. Fundi Mitambo akanikalia kifuani, pua imevimba, kijiko mkononi. Akanipanua meno kwa kijiko kama mtu anayefungua kopo la rangi. Yai zima likaingia.

Nililitema usoni kwa Shemeji. Wakaleta la pili. Safari hii Fundi alilisukuma kwa kidole, na huo ulikuwa ujinga. Nikafunga meno. Nilimwuma mpaka nikakutana na mfupa, na sikuachia. Alipiga yowe wakaja mpaka watu wa mashine ya kukata waya. Walinipiga, nikaendelea kuuma. Walininyonga koo ndipo nikafungua.

Ni katika kukurukakara hiyo sweta zote mbili zilinipanda mpaka kwapani.

Wakaacha. Mmoja mmoja, mikono ikaniachia.

Tumboni nina makovu matano, madogo, kila moja na urefu wa kucha, bado mekundu. Mawili yalikuwa yameanza kutoa damu.

"Ni nini hii?" Shemeji akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

Ndugu msomaji, hapa ndipo unaponihukumu, na haki unayo.

Ningesema neno moja tu. Ningesema, nimekatwa tumbo nipungue, msinilishe, nitakufa. Nilifungua mdomo niliseme. Nikaanza, "Nilifanyiwa operesheni," kisha nikaona ukuta ule wa chaki nyuma ya kichwa chake, na jina langu pale juu na kilo zake. Nanga aliyejikata mwenyewe. Nikasita.

Mama Kantini hakusita.

"Figo," akasema. "Huyu ameuza figo."

"Figo si iko mgongoni?" Fundi akauliza huku kidole chake amekibana kwapani.

"Siku hizi wanapitia mbele. Jirani yangu alitolewa hivihivi."

Wakanigeukia wote. Nikaona njia. Aliyejikondesha kwa makusudi anafukuzwa kazi. Aliyeuza kiungo chake kwa ajili ya watoto wake anaonewa huruma, anakaa nje Jumamosi moja, anarudi. Mficha maradhi kilio humuumbua, hilo nalijua tangu utotoni, na bado nikatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo," nikasema. "Figo."

Sijawahi kuona watu wazima wakibadilika vile. Shemeji alipiga magoti. Akanifuta damu ya mdomo kwa kofia yake, akaanza kulia bila sauti.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi si ndugu yako? Ningeenda kutolewa yangu."

"Niliona aibu," nikasema. Hapo angalau sikudanganya.

"Damu yote imekwenda," Mama Kantini akasema. "Ndiyo maana amekauka. Mtu wa figo moja bila nyama hafiki popote. Ngojeni."

Akatoka mbio. Nikajua kosa langu lilipo, ila lilikuwa limeshavaa viatu linatembea.

Watu wanaokulisha kwa hasira unaweza kuwauma. Wanaokulisha kwa huruma utawafanya nini?

Bakuli likaja, nyama ya kuchemsha, vipande vikubwa, mvuke unapanda. Nikitaka kusema uongo wa mwisho, nitasema sikuitamani. Mate yalinijaa mpaka yakanitoka pembeni.

"Nitakula nyumbani," nikasema.

"Utakula hapa, tukuone."

"Sina hamu."

"Mgonjwa yeyote hana hamu. Ndiyo maana analishwa."

Fundi Mitambo, mtu niliyemvunja pua na kumtafuna kidole, akakaa nyuma yangu, akakiweka kichwa changu mapajani mwake kama mama mwenye mtoto. Wawili wakanishika mikono, kwa upole, ili nisijiumize. Nikageuza uso. Wakaurudisha. Nikajipinda, ule ubavu ukanichoma, nikatulia.

Kipande cha kwanza nilikificha shavuni.

"Meza," Shemeji akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Kwa ajili ya dada yangu. Kwa ajili ya wale mapacha. Meza." Na huku machozi yanamtoka akaniziba pua kwa vidole viwili, akaniwekea kiganja mdomoni.

Nilipambana. Kwa haki ya Mungu nilipambana, nikapiga visigino sakafuni mpaka misumari ikarukaruka. Mtu anaweza kukaa bila hewa kwa muda gani? Mwili wenyewe ulimeza ili upumue.

"Huyo," Mama Kantini akasema. "Mmeona? Ongezeni."

Cha pili kiliingia kabla sijavuta pumzi sawasawa. Kilishuka kikubwa, hakikutafunwa, na kilipofika palipobaki tumbo langu kikakwama. Nilikisikia kimesimama pale. Kisha kitu kikaachia, kama kifungo kinavyoachia kwenye shati linalobana, na baada ya hapo joto.

Cha tatu sikukipinga.

"Sasa rangi inarudi," mmoja akasema. Haikuwa rangi, ilikuwa homa.

Shemeji akajifuta uso, akatoa simu. Alikuwa mtu aliyeokoa maisha, na alitaka kumwambia dada yake. Akaweka sauti nje ili wote tusikie.

"Dada, kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Sema."

"Mumeo ameuza figo."

Nikamsikia Mama Pacha akicheka, kicheko kifupi.

"Figo gani? Nani kakudanganya? Amekatwa tumbo, ndiyo maana anapungua. Niliapishwa nisiseme, lakini kama mmefika kwenye figo, bora niseme."

Macho yote yakanishukia. Mikono iliyonishika haikujua ishike au iache. Shemeji alitazama ule ukuta wa chaki, akanitazama mimi, na nikajua Jumatatu ijayo sitakuwa na stoo wala kamba.

"Amejikata mwenyewe?" akauliza. "Na mimi hapa nimelia?"

"Kelele gani hizo? Mbona mnahema?" Mama Pacha akauliza. "Mmemfanya nini mume wangu?"

"Hakuna. Tulikuwa tunamlisha."

"Mnamlisha nini?"

Shemeji akalitazama bakuli.

"Nyama," akasema.

Nilidhani simu imekatika. Alipoongea tena, sauti yake haikuwa ya mwiko. Ilikuwa ya chini na ya taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kaka, nisikilize. Msimpe maji. Msimlaze. Muulize kitu kimoja tu, kisha uniambie alivyojibu, usiongeze neno lako. Muulize kama bega la kushoto linamuuma."

"Bega?"

"Daktari alisema mshono ukiachia, maumivu hayaji tumboni peke yake. Yanapanda bega la kushoto. Muulize."

Shemeji akaniinamia. Uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona kipande cha yai kwenye nyusi.

"Umesikia?" akasema. "Anauliza bega la kushoto."

Nilikuwa nimeshaligundua. Nilidhani ni mahali Fundi alipoweka goti, na nilikuwa nangoja lipoe. Halikupoa. Lilikuwa linapanda shingoni, na mkono wa upande ule ulikuwa umeanza kuwa wa mtu mwingine.

Kwenye simu, nyuma ya mke wangu, nikasikia sauti ya pacha mdogo, yule niliyempiga asubuhi, ikiuliza, "Mama, ni baba?"

"Mwambie tangu kipande cha pili," nikasema.